Shujaa Kutoka Mtaani: Mwongozo Kamili wa Kuchora Katuni ya Mtu wa Kawaida Anayepata Nguvu

Katuni nyingi za mashujaa ninazoletewa nizipitie zinafia ukurasa wa tatu. Ukurasa wa kwanza kuna kijana anauza maji kwenye foleni ya magari Ubungo, amechorwa vizuri, unamwamini. Wa pili, radi inampiga. Wa tatu anapaa juu ya maghorofa ya Posta akiwa na joho mgongoni, na yule muuza maji hatumwoni tena. Ndoo yake kaiacha wapi? Mtaji alikopa kwa nani? Mchoraji hajui.

Wengi wakiambiwa "ongeza uhalisia" wanaongeza damu, matusi na usiku. Haisaidii. Msomaji anamwamini shujaa pale maisha yake ya jana yanapoendelea kumdai hata baada ya kupata nguvu. Mwenye nyumba hajali kama umeanza kupaa, tarehe ikifika anataka kodi yake.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye katuni fupi ya kurasa 8. Mfano wetu ni mhusika wa kubuni: mama anayekaanga samaki Soko la Feri, Dar es Salaam. Tumwite Mama Zai. Wewe chagua wako.

## Mahitaji

- Karatasi nyeupe za A4, zisipungue 20. Mbili zikikunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa 8. Nyingine ni za kuharibu.
- Penseli ya HB, nyingine ya 2B kwa vivuli, kifutio na rula ya sentimita 30.
- Kalamu mbili za wino mweusi usiochujuka kwa maji: nyembamba na nene.
- Daftari la mistari. Kazi kubwa itafanyika humu, hata kuliko kwenye karatasi za kuchorea.
- Simu yenye kamera.
- Mtu anayefanya kweli kazi ya mhusika wako, aliyekubali kuongea nawe na kupigwa picha. Ukienda kwake, nunua bidhaa yake. Usimkalishe bure.

Kompyuta si lazima.

## Hatua ya 1: Anza na kazi, nguvu itafuata

Usifikirie nguvu kwanza. Nenda ukakae anapofanyia kazi mtu wako, kisha andika siku yake saa kwa saa.

Ya Mama Zai inaweza kwenda hivi. Saa kumi alfajiri yuko njiani. Mnadani anagombea vibua na wanaume wenye sauti kubwa kuliko yake. Akishapata, anaparua, anatoa matumbo, anapaka chumvi. Karai linawekwa motoni. Hatumii kipimajoto: anapitisha kiganja juu ya mafuta na kujua. Jioni anahesabu hela, anatenga ya mtaji wa kesho, na siku ya marejesho ya mkopo anatenga nyingine kabla hajanunua unga.

Tazama mwili pia. Kuna vidoa vya mafuta yaliyomrukia kuanzia kifundo cha mkono mpaka kiwiko, vya zamani vimefifia, vya wiki hii bado vyekundu. Macho yamewiva kwa moshi. Kanga imefungwa kiunoni namna ambayo haitafunguka akiinama mara mia. Vitu hivi ndivyo utakavyovichora, na hutavipata ukikaa chumbani.

Kwa nini tunaanza hapa? Mtu wa kawaida ana ujuzi, na ujuzi huo ni silaha nzuri kuliko nguvu utakayompa. Mafuta yakishika moto, jirani atakimbilia ndoo ya maji. Mama Zai hathubutu. Maji yakigusa mafuta yaliyochemka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unahitaji nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya maji yenyewe. Mafuta yanarushwa juu na moto unasambaa. Yeye anafunika karai kwa mfuniko na kuzima jiko. Ukimwonyesha akifanya hivyo mapema, msomaji atamwamini kwenye moto mkubwa utakaokuja baadaye.

Umefaulu ikiwa ukiulizwa "Jumanne saa tatu asubuhi anafanya nini?" unajibu bila kufungua daftari.

## Hatua ya 2: Mpe nguvu moja, halafu mnyime mengine yote

Nguvu ya Mama Zai: ngozi yake haiungui. Basi.

Sasa fungua ukurasa mpya na uandike asichoweza. Orodha hii iwe ndefu mara kadhaa kuliko ya anachoweza. Ya kwetu inaanza hivi.

Nguo. Ngozi haiungui, nguo je? Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia mwilini. Pamba huungua ikawa majivu, lakini haigandi. Kabla hajaingia kwenye nyumba inayowaka, mama huyu analivua dera la poliesta na kujifunga kanga ya pamba iliyoloweshwa maji. Kisanduku hicho kimoja cha mchoro kina hofu, akili na aibu ya kuvua nguo mbele za watu. Sare ya shujaa huipati mwishoni mwa kazi. Inatoka kwenye swali kama hili.

Mapafu. Kwenye moto wa nyumba, moshi huua watu wengi kuliko miali yenyewe. Ngozi yake haimsaidii hapo. Lazima atambae, kwa kuwa hewa ya chini ina nafuu.

Misuli. Hajaongezewa nguvu hata kidogo. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani za kuzuia wezi, na usiku wa moto nondo hizo huwazuia wenye nyumba. Mama Zai atazishika zikiwa nyekundu kwa moto bila kuungua, lakini hatazing'oa. Anahitaji jirani mwenye mtaimbo upande wa nje. Mradi shujaa wako anamhitaji jirani, mtaa mzima unabaki kwenye hadithi.

Hisia. Hapa ndipo penye uchungu. Kama joto halimuumizi tena, atajuaje karai limepata moto? Alikuwa anapitisha kiganja juu ya mafuta na kujua. Sasa hasikii kitu. Samaki wanaungua, wateja wananung'unika, mauzo yanashuka. Nguvu imempokonya sehemu ya ufundi wake. Ukipata gharama ya aina hii, inayotoka ndani ya nguvu yenyewe, ishikilie. Ina thamani kuliko adui yeyote utakayembuni.

Onyo: usiongeze nguvu katikati ya hadithi kwa sababu umekwama. Msomaji akiona nondo zimeng'oka ghafla, ataacha kuogopa, na hutaweza kumwogopesha tena. Ukikwama, rudi kwenye kazi yake, au kwa jirani.

## Hatua ya 3: Fungua daftari la gharama

Gawa ukurasa mistari mitatu ya wima: mwili, muda, fedha. Kila tendo la kishujaa liandikiwe gharama yake kwenye angalau mstari mmoja kabla hujalichora.

### Mwili

Wachoraji wengi wanajua mwili kupitia filamu, na filamu zinadanganya.

*Ngumi.* Fuvu ni gumu kuliko vidole. Asiyefundishwa akimpiga mtu ngumi ya kichwa, kinachovunjika mara nyingi ni mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo. Mabondia hufunga bandeji chini ya glavu kwa sababu hiyo. Mkono uliovunjika unakaa kwenye plasta wiki kadhaa, na mwenye mkono mmoja haparui samaki.

*Kuzimia.* Kwenye filamu mlinzi anapigwa kichwani, analala nusu saa, anaamka akijishika kisogo. Mtu aliyepoteza fahamu muda huo wote ana jeraha kubwa la ubongo. Shujaa wako akifanya hivyo kwa mlinzi anayelipwa mshahara mdogo, chora pia mke wa mlinzi hospitalini. Kama huko hutaki kufika, usimpige.

*Kuanguka.* Kutoka ghorofa ya tatu, tuseme mita 9, mtu anafika chini kwa sekunde 1.4 hivi, akiwa na kasi ya karibu kilomita 48 kwa saa. Kinachoumiza ni kusimamishwa ghafla, na mikono ya shujaa inasimamisha ghafla karibu sawa na sakafu. Jambo hili liliingia kwenye katuni kubwa za Marekani mwaka 1973, toleo la 121 la The Amazing Spider-Man: Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, anatupwa kutoka darajani, Spider-Man anamnasa kwa utando wake kabla hajagusa maji, na karibu na shingo yake kuna neno dogo la mlio wa kuvunjika. Kumnasa hakukumwokoa. Kabla hujachora mtu akidakwa hewani, jiulize kasi ile imekwenda wapi.

*Pumzi.* Mtu asiye na mazoezi akipigana kwa nguvu zake zote, dakika moja haiishi kabla mikono haijawa mizito. Chora mdomo wazi, mabega yaliyoshuka, watu wawili wanaoegemeana huku wakijifanya bado wanapigana.

### Muda

Aliyekesha kwenye moto saa nane usiku hafiki mnadani saa kumi. Akifika saa kumi na mbili, vibua vizuri vimekwisha. Huo ndio mstari wa muda, hauhitaji maneno mengi.

### Fedha

Mwaka 1963, kwenye toleo la kwanza la jarida lake mwenyewe, Spider-Man analipwa hundi iliyoandikwa jina lake la kishujaa, anaipeleka benki, na karani anakataa kuilipa kwa kuwa hana kitambulisho cha jina hilo. Tukio dogo, na bado linachekesha na kuuma.

Kwetu ni kali zaidi. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mtu akitaka kumrushia mwokozi wa mtaa elfu kumi ya asante, jina la mwenye laini linatokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Shujaa mwenye siri hawezi kupokea hata hela ya soda. Na marejesho ya mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, yanamsubiri Ijumaa.

Umefaulu ikiwa kila tendo kubwa kwenye hadithi limemwacha shujaa na pengo ambalo ukurasa unaofuata unahangaika kulijaza.

## Hatua ya 4: Acha mtaa useme

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo itakayoifanya katuni yako isifanane na iliyochorwa New York.

Anza na uvumi. Mwanamke ambaye mikono yake haiungui, mtaani ataitwa nani? Kabla hajaitwa shujaa ataitwa mchawi. Chukua neno hilo kwa uzito. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mojawapo ya "ushahidi" ni macho mekundu, ambayo mara nyingi yanatokana na miaka mingi ya kupikia kuni kwenye moshi. Mama Zai ana macho hayohayo. Ukilitumia jambo hili kama kichekesho, umeshindwa. Ukiliweka kama tishio la kweli, kila jirani anayenyamaza akipita kwenye meza yake atamtisha msomaji.

Kisha umati. Shujaa wako akimkamata kibaka Kariakoo, tatizo lake la kwanza haliwi kibaka tena. Linakuwa wananchi wenye hasira kali, wanaokuja na mawe na matairi. Lazima asimame kati yao na mtu aliyemkamata. Tukio hilo lina ujasiri kuliko mateke kumi, na karibu hakuna anayelichora.

Halafu sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa mbele ya macho yake, lakini anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kituoni kuna maelezo ya kuandika. Jina la mlalamikaji? Anwani? Namba ya simu? Na akijeruhiwa kwenye ugomvi, hospitali itamuuliza fomu ya PF3 kutoka polisi. Kenya wana P3. Mchore shujaa mwenye barakoa kwenye benchi la mapokezi, mkono umevimba, nesi anauliza: "PF3 iko wapi?" Hilo huwezi kulitunga, linatoka mtaani.

Onyo: usimfanye kila polisi mwizi, kila jirani mnafiki na kila mwenyekiti wa serikali ya mtaa mla rushwa. Wape wachache kati yao sababu za kueleweka. Nesi hana ubaya, ana foleni.

Umefaulu ikiwa wapo watu wawili kwenye katuni wasiokubaliana kuhusu shujaa, na wote wawili wana hoja.

## Hatua ya 5: Barakoa, sauti na jina

Barakoa inaficha uso tu. Sauti, mwendo na kovu vinabaki. Mtaani kwetu watu wanajuana kwa mgongo. Kama shujaa wako lazima ajifiche, amua nani anamtambua mapema. Ningemchagua mtoto wa jirani, kwa sababu watoto hutazama miguu na viatu.

Salamu nayo humfichua mtu. Mzee akiokolewa, hata barakoa ikiwepo, Mama Zai atasema "Shikamoo, baba," na mzee ataitika "Marahaba, mwanangu" huku akikohoa. Ukilikata hilo ili uweke maneno ya kibabe, umemgeuza mgeni.

Jina asijipe mwenyewe. Watu wampachike, na lianze na utani.

Ukitaka kuona barakoa yenye sababu, tazama Mexico City. Mwaka 1987 mtu mmoja alivaa kinyago cha mieleka na nguo za kubana nyekundu na njano, akaitwa Superbarrio Gómez. Hakuwa na nguvu yoyote ya ajabu. Alikuwa anasimama na wapangaji waliotishiwa kufukuzwa kwenye nyumba zao, kwenye jiji ambalo tetemeko la mwaka 1985 lilikuwa limewaacha watu wengi bila makazi. Kinyago kilifanya kazi kwa kuwa nchi ile inapenda mieleka na kila mtu alielewa maana yake. Jiulize: mtaani kwako vazi gani lina maana bila kuelezwa?

## Hatua ya 6: Tafuta tatizo lenye chanzo

Fupi hapa. Huhitaji jitu lenye maabara. Nyumba inawaka kwa sababu ya waya uliounganishwa kienyeji, mshumaa, au mtungi wa gesi unaovuja. Chanzo kina mtu, mtu ana sababu, mara nyingi hana hela. Na mtu mmoja kwenye umati apige 114, namba ya zimamoto Tanzania; msomaji anaweza kuihitaji kweli.

## Hatua ya 7: Panga kurasa 8 kwa kugeuza

Kwenye kijitabu, ukurasa wa 1 uko peke yake, kisha 2 na 3 zinatazamana, 4 na 5, 6 na 7, na 8 iko nyuma peke yake. Msomaji anageuza baada ya 1, 3, 5 na 7. Swali liweke chini ya ukurasa wa kutazama kulia, jibu juu ya ukurasa unaofuata.

- 1: Alfajiri, mnada. Hakuna nguvu.
- 2: Karai. Mkono wake unagusa ukingo wa moto. Yeye hajagundua, mteja ameona.
- 3: Nyumbani usiku, anajaribu kidole kwenye mshumaa. Kisanduku cha mwisho: ukelele kutoka nje.
- 4: Moto. Kisanduku kimoja kinachojaza ukurasa.
- 5: Ndani. Visanduku vidogo, vyeusi, karibu bila maneno. Mwisho: mikono kwenye nondo.
- 6: Nondo hazitoki. Jirani, mtaimbo, jasho.
- 7: Nje. Kikohozi, kanga ya kuazima, simu zinarekodi. Mtu anauliza: "Mbona hujaungua?"
- 8: Feri tena, amechelewa, samaki waliobaki ni wadogo.

Hesabu: kurasa 3 zina moto, 5 zina maisha. Wanaoshindwa huwa wamegeuza uwiano huo.

Chora kwanza vijipicha vya ukubwa wa kiberiti, kurasa zote 8 kwenye karatasi moja. Kama hadithi haieleweki kwa watu wa vijiti, wino hautaiokoa.

## Hatua ya 8: Chora kutoka kwenye picha zako

Tumia picha ulizopiga, siyo zile za intaneti. Feri ina ndoo zake, meza zake, maji yanayotuama chini. Mlio uandike kama unavyosikika kwetu: samaki akiingia kwenye mafuta, *chwaaa*, bati likianguka, *gang'!*

Mwili uutofautishe kwa uzito. Mama aliyezaa na kubeba ndoo miaka ishirini hasimami kama mwanariadha. Akipata nguvu, umbo lake libaki lilelile, kwa kuwa ulisema ni ngozi tu iliyobadilika.

Vinywa vya watu visijae maelezo. Kiputo cha mazungumzo kikizidi maneno 20, gawanya au futa. Na andika maneno kabla hujachora mstari wa kiputo, la sivyo utabanwa.

## Hatua ya 9: Mpe anayejua asome

Mpelekee nakala ya penseli yule uliyemhoji. Usimweleze kitu. Tazama macho yake yanaposimama, weka alama ndogo pembeni, kisha uliza: "Hapa wewe ungefanyaje?"

Akisema "nzuri sana" na kurudisha, bado kuna kazi. Huyo anakuheshimu tu. Akianza kubishana na mhusika, "Huyu naye! Nani anaondoka na kuacha karai motoni?", umepata. Anamchukulia kama mtu. Rekebisha karai, halafu ndipo utie wino.

Acha kingo za sentimita 1 kila upande, maana mashine nyingi za fotokopi hukata pembeni. Toa nakala moja ya majaribio kwanza na uangalie ukurasa wa 5: kama weusi wa moshi umeimeza mikono iliyoshika nondo, izungushie mstari mwembamba wa rangi nyeupe kabla hujatoa nyingine.